Mpwa Wangu Haji Tena Dukani

Ndugu mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 56, nina duka la jumla na rejareja Magomeni, kwenye barabara ya lami ya mtaa. Mwezi uliopita serikali ya mtaa iliita mkutano. Tukaelezwa kwamba barabara yetu itakapokarabatiwa, lipo wazo la kutenga njia ya baiskeli upande wetu, na magari hayataegesha tena mbele ya maduka. Nilisimama nikapinga. Nilisema biashara zitakufa, gari la mzigo litakosa pa kushushia, na kwamba waendesha baiskeli hawana leseni, hawalipi chochote, wanapita upande usio wao, usiku hawana taa, na mambo haya ni ya Ulaya. Nikamalizia kwa kusema baiskeli ni usafiri wa mtu aliyeshindwa maisha. Watu walipiga makofi.

Sikujua kwamba mpwa wangu amekaa nyuma. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu akiwa darasa la pili. Sasa ana miaka 24, anasambaza mikate kwa baiskeli, na anamsomesha mdogo wake kwa kazi hiyo. Hakusema neno. Tangu siku ile haji dukani, mikate ananiletea kijana mwingine. Nikimpigia anapokea, anasema "Shikamoo mjomba, niko kazini," basi.

Kuna jingine. Wiki mbili kabla ya mkutano nilifungua mlango wa pikapu bila kutazama nyuma, muuza mayai akaugonga akaanguka. Trei zake zilipasuka na kiwiko kikachubuka. Nilimlipa mayai, lakini nilimfokea mbele ya watu kwamba haangalii aendako, na moyoni nilijua kosa ni langu.

Mke wangu anasema nimwombe kijana msamaha. Wenzangu wenye maduka wanasema nisiyumbe, kwa sababu mkutano wa pili unakuja na mimi ndiye msemaji wao. Nami bado naona hoja zangu za biashara ni za kweli. Nifanyeje?

Mwenye Duka, Magomeni

*

Kaka yangu,

Mkeo amekuambia kweli. Na uende kabla ya mkutano wa pili. Ukichelewa mpaka baada yake, kijana hatajua kama umeletwa na majuto au na matokeo. Nenda kwake mwenyewe, jioni, akishatua mzigo na kuoga. Simu haifai. Kwenye simu adabu yake kwako inamfunga: atakuamkia, atasema yuko kazini, na lililomkaa moyoni litabaki huko huko. Usianze na habari ya barabara. Mwambie lile neno la kushindwa maisha halikustahili kusemwa na mtu yeyote juu ya kazi halali, sembuse mjomba aliyemlea. Kisha nyamaza umsikilize, hata akisema yanayochoma.

Jambo moja nakukataza: usimwahidi kazi dukani wala mtaji wa kuachana na baiskeli. Utakuwa unarudia tusi lile lile kwa njia ya ukarimu. Kijana anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, anayejua kila duka linachukua mikate mingapi na nani hulipa Ijumaa, huyo ana biashara kama wewe. Na kwa kuwa ulimvunjia heshima hadharani, msamaha wa chumbani pekee hautoshi. Mkutano ujao ukifunguliwa, omba dakika moja, useme mbele ya wale wale waliopiga makofi kwamba neno lile unalifuta. Ukimaliza hilo ndipo uingie kwenye hoja.

Muuza mayai naye mtafute. Watu wa kazi hiyo wana njia zao na nyakati zao, hutamkosa. Muulize kiwiko kinaendeleaje. Mwambie kosa lilikuwa lako. Na kuanzia leo jizoeze kufungua mlango wa pikapu kwa mkono wa kushoto. Dereva wa kwetu anakaa kulia, mlango uko kulia. Ukiufungua kwa mkono wa kushoto, kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanaangukia kioo na barabara iliyo nyuma yako. Mfundishe na konda wako wa gari la mzigo, ila yeye anayekaa kushoto atumie mkono wa kulia. Mlango uliofunguliwa ghafla humtupa mwendesha baiskeli katikati ya barabara, chini ya gari linalofuata. Siku ile nyuma yake hakukuwa na gari, au kama lilikuwepo lilisimama. Ndiyo maana tunazungumza habari za mayai.

Sasa barabara. Sikuambii uwasaliti wenzako. Nakuomba upime upya kila ulichokisema, kwa sababu ndani yake yamo ya kweli kabisa na yamo ya makofi, na msemaji mwema huyatenganisha.

Umesema hawalipi. Ni kweli kwamba Mfuko wa Barabara unategemea tozo ya mafuta, na mpwa wako hanunui petroli. Lakini mkate anaouleta umeokwa kwa unga uliosafirishwa kwa dizeli, na tozo hiyo imo ndani ya bei ya kila anachokula na kuvaa. Halafu angalia nani anaiharibu lami. Wahandisi wa barabara wana kanuni ya siku nyingi: mzigo wa ekseli ukiwa maradufu, uharibifu wa lami haupandi mara 2, unapanda takriban mara 16. Mashimo yaliyo mbele ya duka lako hayakuchimbwa na baiskeli ya Phoenix yenye sanduku la mikate. Na anayetembea kwa miguu naye halipi tozo ya mafuta. Hatujawahi kumwambia kwamba kwa sababu hiyo hana haki ya kuvuka.

Umesema wanapita upande usio wao na usiku hawana taa. Hapo una haki, wala sitawatetea. Anayekuja kinyume na magari anamshtua dereva anayetoka uchochoroni akitazama upande mmoja, na baiskeli isiyo na taa wala kibandiko cha kung'aa nyuma haionekani mpaka iwe imekaribia mno. Mambo haya yanaua, na wanaokufa ni wao wenyewe. Trafiki wayasimamie, na wenye maduka ya vipuri wauze taa kwa bei ambayo muuza madafu anaimudu. Lakini kuwanyima watu mahali pa kupita hadi wote wawe na adabu ni sharti ambalo hatujampa mtumiaji mwingine yeyote wa barabara. Daladala zinachomekea, zinatanua, zinasimama katikati kushusha abiria, na bado tunazijengea vituo, kwa sababu tunajua kituo ndicho kinachoanza kuleta utaratibu. Wengi wanaoendesha kinyume wanakimbia kitu: upande wao kuna mtaro usio na mfuniko, au mchanga unaoteleza, au safu ya magari yaliyoegeshwa ambayo mlango wowote unaweza kufunguka. Hilo la mwisho unalijua.

Siku moja ukiwa huna haraka, msimamishe kijana yeyote wa mikate utazame chombo chake. Sanduku limefungwa kwenye kerieri kwa vipande vya tyubu vilivyokatwa, ni pana kuliko mpini wenyewe, na mzigo ukijaa baiskeli haiendi mstari mnyoofu, hasa mwanzoni anapoanza kukanyaga na anapopanda kilima. Coaster ikimpita karibu, upepo wake pekee unamyumbisha. Ndiyo maana madereva wanaojali huacha mita 1 na nusu wanapompita, na kama nafasi hiyo haipo, husubiri nyuma yake mpaka ipatikane. Anayempigia honi ili asogee, anamwomba asogee wapi? Kwenye mtaro.

Habari ya kwamba mambo haya ni ya Ulaya nayo iache. Shinyanga na Tabora watu wamebebwa na baiskeli kwenda sokoni na hospitali miaka na miaka, na wenyewe wanaziita daladala. Hapa Dar madafu, mkaa wa kutoka nje ya jiji, kuku kwenye matenga, mnoa visu na jiwe lake, vyote vimekuwa vikitembea kwa pedeli kabla wewe na mimi hatujapata akili. Watu hawa wamekuwemo barabarani siku zote; ambacho hakikuwepo ni sehemu yao. Na hata huko Ulaya, Uholanzi inayotajwa kila mara haikuzaliwa na njia hizo. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 nchini humo, kati yao watoto zaidi ya 400, wazazi wakaingia mitaani na kudai barabara zibadilishwe. Mbishano ulikuwa mkali kama wa kwenu.

Tuje kwenye biashara, maana hapo ndipo moyo wako ulipo, na ni halali.

Unaamini mteja wako anakuja na gari. Inawezekana. Lakini wafanyabiashara wa sehemu nyingine waliamini hivyo hivyo, na walipopimwa wakakutwa wamezidisha. Mwaka 2006 huko Bristol, Uingereza, wenye maduka waliulizwa wateja wangapi huja kwa gari. Walikisia asilimia 41. Walipoulizwa wateja wenyewe, ilikuwa asilimia 22. Hawakuwa waongo. Mwenye gari huonekana: hupiga honi, hulalamika kakosa nafasi, huagiza aletewe mzigo dirishani. Anayekuja kwa miguu na kikapu hununua, hulipa, huondoka, na jioni humkumbuki.

Kama mitaa ya Bristol inaweza kujidanganya hivyo, Magomeni je? Wewe una duka la jumla. Nani anachukua mafuta ya kula kwa dumu, sukari kwa mfuko, sabuni kwa katoni? Mama ntilie, wenye genge, machinga, vijana wa vioski vya uchochoroni. Mzigo wao unaondoka dukani kwako kwa guta, kwa mkokoteni, kwa kerieri ya baiskeli, kichwani. Gari dogo linaloegeshwa mlangoni kwako tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni linakula mita 5 za uso wa duka, na mara nyingi mwenyewe yuko ofisini mjini, kapanda basi la mwendokasi. Mahali pa gari hilo moja zinakaa baiskeli 10.

Kwa hiyo hesabu. Chukua daftari, siku 3, moja iwe ya mwisho wa mwezi. Kila anayelipa, kijana wako wa kaunta aweke alama: miguu, baiskeli au guta, bodaboda au bajaji, gari. Na kando ya alama aandike kiasi alichonunua, maana idadi peke yake haitakuambia fedha inatoka wapi. Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba gari ndilo linaloliendesha duka, simama mkutanoni na daftari hilo na hakuna atakayekubeza, mimi nikiwa wa kwanza kukiri. Ikionyesha vingine, utakuwa umejua kabla hujaipoteza nguvu yako kupigania maegesho ya mtu asiyenunua kwako hata kiberiti.

Hoja yako ya gari la mzigo ndiyo yenye uzito kuliko zote, na nakuomba usiiache hata kidogo. Fuso la unga haliwezi kushusha hewani. Njia ya baiskeli inayochorwa bila kuwauliza wenye maduka pa kushushia, kesho yake litapandishwa lori juu yake, na kijana wa mikate atarudi katikati ya magari akiwa na hatari kubwa zaidi, kwa kuwa madereva wataamini ana njia yake. Hili si la kubuni. Ujenzi wa awamu ya kwanza ya mwendokasi, mabasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ulileta pembeni mwa barabara ya Morogoro njia za miguu na za baiskeli. Jiji letu lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na lilistahili. Lakini tembea kwenye njia hizo hapo hapo Magomeni, uone ilivyo. Unakuta bodaboda zimepanga mstari zikisubiri abiria, meza ya matunda, gari lililopandisha tairi mbili, na mwendesha baiskeli ameshuka anakokota. Njia ambayo haikulindwa na ukingo wala nguzo, na ambayo bodaboda hawakutengewa kijiwe chao, itachukuliwa. Siwalaumu wauza matunda. Nao wanatafuta pa kukaa. Nalaumu mchoro unaojifanya hawapo.

Basi hiki ndicho ningependa msemaji wa wenye maduka aende kukidai. Atake sehemu ya kushushia mizigo itengwe, moja kila baada ya maduka kadhaa, ikiwa na saa zake, tuseme alfajiri mpaka saa 3 na tena baada ya saa 2 usiku, wakati barabara imetulia. Atake njia ya baiskeli iwe na ukingo, na upana wa kutosha guta kupita, kwa sababu njia inayolizuia guta imelizuia duka lenyewe. Atake mitaro ifunikwe kwanza, kabla ya rangi yoyote kupakwa. Na aulize makutano yatakuwaje, kwani njia nyingi hukatika pale penye hatari kubwa, ambapo gari linakata kona na baiskeli inakwenda moja kwa moja.

Na kama barabara yenu ni nyembamba kiasi kwamba vyote hivyo haviingii? Inawezekana, mitaa mingi ya Magomeni ilipangwa zamani. Hapo msigombanie rangi. Daini mwendo upunguzwe. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Kwa mwendo huo gari linapita karibu mita 14 kwa sekunde moja, na hiyo sekunde ndiyo dereva anayoitumia kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 ni mita 8 tu. Mawaziri wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba kilomita 30 ndiyo iwe kikomo cha mwendo mahali magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Matuta, vivuko vilivyoinuliwa na kona zilizobanwa vinaweza kulifanya hilo bila kumwondolea mtu eneo la duka. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi ya namna hiyo kuzunguka shule za msingi, kwa matuta, alama na njia za miguu, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya WRI Ross ya miji. Ni kazi ya saruji na mchanga ambayo mtaa unaweza kuielewa na kuisimamia.

Kitu kimoja zaidi kilinigusa katika barua yako. Katika mkutano ule, watu wanaokanyaga pedeli walikuwa wangapi? Mpwa wako alikuwepo, amekaa nyuma, na hakusema. Muuza mayai alikuwa njiani. Wa guta alikuwa anapakia. Mama anayempeleka mtoto kliniki kwa miguu alikuwa foleni ya kliniki. Asiyekuwapo na lake halipo, na mikutano yetu huitwa saa ambazo mwenye duka anaweza kumwachia kijana kaunta, ila mwenye mzigo wa mikate hawezi kumwachia mtu baiskeli. Mwombe mwenyekiti wa mtaa mkutano wa pili uwe Jumapili jioni. Ukiliomba wewe, msemaji wa upande wa pili, hatakataa. Wapo pia watu waliojipanga kwa jambo hili, Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA. Waalikwe waje waseme, na mwulizane maswali uso kwa uso.

Wenzako watasema umegeuka. Waambie hujahama upande, umeongeza madai. Kupinga tu kuna matokeo mawili: ama mnashinda na barabara inabaki ya kuangusha watu, ama mnashindwa na njia inajengwa bila neno lenu hata moja la mahali pa kushushia mzigo.

Mkikubaliana, yaandikeni. Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa na diwani, iende TARURA wilayani, kwa sababu barabara za mtaa ziko chini yao, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ombeni tarehe ya wataalamu kuja kupima, na siku hiyo uwepo. Kama kijana atakuwa amekubali kukaa nawe tena, mwombe aje na baiskeli ikiwa imepakiwa, ili mwenye futi kamba apime sanduku la mikate kutoka ukingo mpaka ukingo, asiishie kwenye mpini.